Wema wa Kulazimishwa: Ukatili, Hiari na Waathiriwa katika A Clockwork Orange

Je, mtu aliyeondolewa uwezo wa kutenda uovu anaweza kuitwa mwema? Swali hili lilikuwa la wanatheolojia muda mrefu kabla ya kuwa la waandishi wa riwaya na watengenezaji wa filamu. Wanazuoni wa Kiislamu wa zama za mwanzo waligawanyika baina ya Jabriya, walioshikilia kwamba mja hana hiari na matendo yake yote yamekwisha kukadiriwa, na Kadariya, walioshikilia kwamba mja huyatenda matendo yake mwenyewe na ndiyo maana anastahili thawabu au adhabu. Nao Wakristo wa Roma na Afrika ya Kaskazini walikuwa wamekwisha kugombana juu ya jambo lilelile karne kadhaa kabla yao. Karne ya 20 iliongeza jambo ambalo pande zote hizo hazikulifikiria, nalo ni dola yenye sayansi mkononi, inayodai kwamba inaweza kuingia ndani ya mtu na kuirekebisha hiari yake kama fundi anavyorekebisha mashine, na kwamba inafanya hivyo kwa manufaa ya umma.

Sura hii inalifuatilia swali hilo katika kazi moja yenye maisha mawili, yaani A Clockwork Orange, riwaya ya Mwingereza Anthony Burgess iliyochapishwa mwaka 1962, na filamu yenye jina hilohilo iliyotengenezwa na Mmarekani Stanley Kubrick mwaka 1971. Istilahi tatu zitatumika kwa maana mahususi. Hiari ni uwezo wa mtu kuchagua tendo moja huku akijua kwamba angeweza kuchagua jingine. Ukatili ni matumizi ya nguvu yanayomnyang'anya mtu mwingine uwezo huo juu ya mwili wake na maisha yake. Ukosoaji wa jamii ni kazi ya sanaa ya kuonyesha kwamba uovu unaodaiwa kuwa wa mtu mmoja una mizizi katika taratibu, sheria na tamaa za wengi. Fasili ya ukatili imewekwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu hoja inayojengwa hapa ni kwamba riwaya na filamu hizi zinaitetea hiari ya mhalifu kwa ufasaha mkubwa lakini zinasahau kwamba kila pigo lake ni wizi wa hiari ya mtu mwingine, na kwamba usahaulifu huo unaudhoofisha ukosoaji wao wenyewe wa dola.

Mwandishi na kijana wake

Burgess alizaliwa Manchester mwaka 1917 katika familia ya Kikatoliki, na ingawa alipokuwa mtu mzima aliacha kushiriki ibada, mafundisho ya dhambi ya asili na wajibu wa kuchagua hayakumwacha. Alifundisha katika Malaya ya kikoloni na Brunei katika miaka ya 1950, akarejea Uingereza mwaka 1959 na kukuta nchi ikizungumzia kwa hofu makundi ya vijana waliovaa kwa madaha na kupigana mitaani, wakiwamo wale walioitwa Teddy Boys. Mwaka 1961 alisafiri hadi Leningrad, katika Umoja wa Kisovieti, akawakuta huko vijana wa namna hiyohiyo, jambo lililomshawishi kwamba tatizo halikuwa la ubepari wala la ukomunisti peke yake. Kulikuwa pia na jeraha la nyumbani. Mwaka 1944, wakati wa giza la vita jijini London, mke wake wa kwanza, Lynne, alishambuliwa mtaani, na Burgess alisimulia baadaye kwamba washambuliaji walikuwa askari wa Marekani waliotoroka jeshini na kwamba shambulio hilo lilimfanya mkewe apoteze mimba.

Katika riwaya, msimulizi ni Alex, mvulana wa miaka 15 anayeongoza kundi la vijana wanne katika mji usiotajwa jina, wakati ujao usio mbali. Wanakunywa maziwa yaliyochanganywa na dawa za kulevya, wanampiga mzee anayetoka maktaba, wanapora duka, kisha wanavamia nyumba ya mwandishi aitwaye F. Alexander, wanamshikilia na kumbaka mke wake mbele ya macho yake. Uvamizi mwingine unamuua bibi mmoja anayeishi na paka wake, wenzake wanamsaliti, na Alex anahukumiwa kifungo cha miaka 14. Baada ya miaka miwili gerezani anachaguliwa kwa majaribio ya tiba mpya, Mbinu ya Ludovico, inayoahidi kumtoa huru ndani ya majuma mawili.

Mazingira ya matendo haya yamechorwa kwa mistari michache lakini kwa shabaha. Alex anaishi na wazazi wake katika jengo la serikali lenye michoro ya wafanyakazi mashujaa iliyochafuliwa kwa maneno ya matusi. Sheria inamlazimisha kila mtu mzima mwenye afya kufanya kazi, hivyo wazazi hurudi wakiwa wamechoka na kuketi mbele ya televisheni, na usiku mitaa inabaki mali ya vijana na polisi. Kubrick aliipata sura ya mji huo Thamesmead, kusini-mashariki mwa London, ambako mtaa mpya wa nyumba za umma, uliojengwa kwa zege juu ya ardhi ya majimaji, ulikuwa ndiyo kwanza unakaliwa. Hata hivyo, ukosoaji wa mazingira haya una mpaka wake, kwa sababu Burgess hakutaka msomaji aseme kwamba Alex ameharibiwa na umaskini au ujinga. Kijana huyu anampenda Beethoven kupita kiasi, na muziki huo mkuu, badala ya kumlainisha, humpandisha ari ya kupiga na kubaka. Dhana iliyozoeleka kwamba sanaa bora huzaa watu bora inabomolewa hapa, kama ilivyokuwa imebomolewa na historia ya karne hiyohiyo, ambamo maofisa wa kambi za mauaji za Wanazi walisikiliza muziki huohuo jioni.

Mbinu ya Ludovico na sayansi ya wakati wake

Mbinu ya Ludovico inafanya kazi kwa njia rahisi. Alex anadungwa dawa inayoleta kichefuchefu na hofu ya kifo, anafungwa kwenye kiti, kope zake zinazuiwa kwa vibanio zisifumbe, kisha anaonyeshwa filamu za mateso na mauaji siku baada ya siku, mpaka mwili wake unajifunza kuunganisha ukatili na ugonjwa. Hatimaye hata wazo la kumpiga mtu linatosha kumwangusha chini, na njia pekee ya kuponyoka ni kutenda kinyume chake, kwa unyenyekevu uliopita kiasi. Katika onyesho la hadharani mbele ya wakubwa, anailamba soli ya kiatu cha mtu aliyekodiwa kumtukana.

Msingi wa mbinu hii haukuwa ndoto ya mwandishi. Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alikuwa ameonyesha kwamba mbwa aliyezoeshwa kusikia mlio fulani kabla ya kulishwa hatimaye hutokwa na mate kwa mlio peke yake. Nchini Marekani, John B. Watson na baadaye B. F. Skinner walijenga juu ya utafiti wa aina hii saikolojia ya mwenendo, yaani mkabala unaoyachunguza matendo yanayoonekana na namna mazingira yanavyoyaunda, bila kuipa nafsi au hiari nafasi ya kuyaeleza. Skinner aliandika riwaya ya jamii njema iliyopangwa kwa kanuni hizo mwaka 1948, na mwaka 1971, mwaka uleule wa filamu ya Kubrick, alichapisha kitabu cha hoja kilichodai kwamba dhana za uhuru na hadhi ya mwanadamu zimekuwa kizuizi kwa ustawi wake.

Hospitalini mambo yalikuwa yamekwenda mbali zaidi ya vitabu. Katika Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 kulikuwa na tiba ya kuchukizisha, ambamo walevi, na wanaume waliowapenda wanaume wenzao, walipewa dawa za kutapisha au mishtuko ya umeme huku wakionyeshwa kile walichotakiwa kukichukia. Mahakama nayo ilijua kuutumia mwili wa mshtakiwa: mwanahisabati Alan Turing, alipohukumiwa mwaka 1952 kwa uhusiano na mwanamume, alikubali kudungwa homoni ili asipelekwe gerezani. Mfano wa Turing unaeleza jambo ambalo wasomaji wengi wa Burgess hulipita haraka, nalo ni kwamba Alex naye anatia sahihi. Hakuna anayemkokota kwenye kiti cha Ludovico. Anakitamani, kwa kuwa kinampa njia ya mkato kutoka gerezani. Dola ya kisasa haihitaji kuifuta hiari kwa nguvu pale inapoweza kuwekea mtu milango miwili, mmoja wa mateso ya miaka mingi na mwingine wa mateso ya siku chache, na kuita kuchagua kwake ridhaa.

Kasisi, waziri na mwandishi

Pingamizi kubwa dhidi ya Ludovico linatoka kwa kasisi wa gereza, mlevi na mwoga wa kupoteza cheo, ambaye hata hivyo ndiye anayesema wazi kwamba mtu asiyeweza kuchagua amekoma kuwa mtu. Jina la riwaya linabeba hoja hiyohiyo, kwa kuwa linamfikiria binadamu kama chungwa lililowekwa mitambo ya saa ndani yake: kwa nje ni tunda lenye rangi na maji, kwa ndani ni kifaa kinachozungushwa na mkono wa mwingine. Waziri wa Mambo ya Ndani hajibu hoja ya kasisi, anaipuuza tu. Yeye anataka takwimu za uhalifu zishuke na magereza yapungue msongamano, na anadokeza sababu ambayo ndiyo kiini cha ukosoaji wa kisiasa wa riwaya: nafasi zitakazobaki wazi gerezani zitahitajiwa punde kwa wafungwa wa kisiasa. Wahalifu wa mitaani wanatibiwa ili wapinzani wapate pa kufungwa, na vijana wakatili waliozidi umri wa magenge, akiwamo mmoja wa wenzake Alex, wanaajiriwa kuwa polisi na kuendelea kupiga watu, safari hii kwa mshahara.

Nyuma ya malumbano haya kuna ugomvi wa kale uliotajwa mwanzoni. Pelagius, mtawa aliyetoka visiwa vya Uingereza, alifundisha kwamba binadamu huzaliwa bila dhambi ya asili na anaweza kwa juhudi zake kuufikia wema; Augustino wa Hippo, aliyezaliwa mwaka 354 katika eneo ambalo leo ni Algeria, alimjibu kwamba binadamu amejeruhiwa tangu asili na hawezi kuokoka bila neema, na mtaguso wa Carthage wa mwaka 418 ukaupa upande wake ushindi. Katika The Wanting Seed, riwaya nyingine aliyoichapisha mwaka huohuo wa 1962, Burgess aliigawa historia ya siasa kuwa mzunguko baina ya watu hawa wawili: serikali huanza kwa kuamini kwamba raia ni wema, raia wanapowavunja moyo watawala imani hugeuka hasira, hasira huzaa mabavu, kisha watawala wenyewe huyaogopa mabavu yao na kurudi kwenye imani. Ludovico ni mtoto wa hatua ya kati, ambapo watawala wamekata tamaa ya kumwona raia akiwa mwema kwa kutaka mwenyewe, lakini bado wanaamini kwamba anaweza kutengenezwa.

Burgess hawaachi wapinzani wa serikali watoke wakiwa safi. F. Alexander, mwandishi aliyevamiwa, ni mtetezi wa uhuru, na Alex aliyetibiwa anapoangukia mlangoni kwake akiwa amepigwa, anamhurumia kama shahidi aliyeteswa na dola. Punde huruma hiyo inageuka hesabu: kijana huyu akifa, serikali itaanguka. Anafungiwa chumbani, anapigiwa muziki ambao tiba imemfanya asiuvumilie, na anajirusha dirishani. Anapopona, serikali inamrejesha katika hali yake ya zamani kimyakimya na waziri anakuja kupiga naye picha hospitalini. Kwa hiyo upande wa mabavu na upande wa uhuru vinakubaliana katika jambo moja, kwamba Alex ni chombo. Wanachogombania ni mkono utakaokishika.

Pazia la lugha na pazia la muziki

Riwaya inayosimuliwa na mbakaji ingeweza kusomeka kama orodha ya unyama, na Burgess alilikwepa hilo kwa kubuni Nadsat, lugha ya vijana iliyojaa maneno yenye asili ya Kirusi yaliyopindishwa kwa matamshi ya Kiingereza. Msomaji anapoikuta mara ya kwanza hubaki kama mgeni wa Nairobi anayesikiliza Sheng: anafahamu kwamba kuna jambo baya linaendelea, lakini inambidi akisie ni lipi. Burgess alikataa kuweka faharasa, akitaka maana ijengeke taratibu, ingawa toleo la Marekani liliongezewa moja. Athari yake ina pande mbili. Pazia la lugha linamkinga msomaji dhidi ya ukatili mtupu, na wakati huohuo linamfundisha kufikiri kwa maneno ya Alex, kiasi kwamba anapofika katikati ya kitabu amekwisha kuzoeshwa, bila kiti wala sindano, kuona watu wanaopigwa kama vitu vya kuchezewa.

Filamu haiwezi kuficha damu nyuma ya maneno, na Kubrick aliweka pazia jingine. Mapigano yanachezwa kama ngoma kwa muziki wa Rossini, mwendo unapunguzwa au kuharakishwa, na Malcolm McDowell, aliyeigiza Alex, anaimba wimbo wa furaha wa filamu ya zamani ya Hollywood huku akimpiga teke mwandishi na kumkata nguo mkewe. Maonyesho ya Ludovico yanaongeza tabaka jingine, kwa sababu mtazamaji aliyeketi gizani anamtazama mtu aliyeketi gizani akilazimishwa kutazama filamu za ukatili. Swali linalomrudia ni kwa nini yeye, ambaye kope zake ziko huru, hakuyafumba macho yake.

Mabadiliko ambayo Kubrick aliyafanya katika hadithi yana uzito kuliko mbinu hizo. Katika riwaya, Alex anawalewesha na kuwabaka wasichana wawili wa miaka kumi. Katika filamu, wasichana hao ni wakubwa, wanakuja kwa kupenda kwao, na tendo linaharakishwa liwe kichekesho. Katika riwaya anashiriki kumuua mfungwa mwenzake. Filamu imeliacha tukio hilo. Bibi wa paka, ambaye kitabuni ni kikongwe mpweke, kwenye skrini ni mwanamke mkali aliyezungukwa na sanaa za ngono, na anauawa kwa mojawapo. Mhakiki Pauline Kael aliishambulia filamu mwanzoni mwa mwaka 1972 kwa sababu hiyohiyo, akieleza kwamba waathiriwa wamefanywa wa kuchukiza ili mtazamaji asiwaonee huruma na Alex abaki mtu pekee mwenye uhai; Roger Ebert naye hakuipenda. Hata hivyo iliteuliwa kuwania tuzo nne za Oscar, ikiwamo ya filamu bora. Ofisi ya Kikatoliki iliyopima filamu nchini Marekani iliiweka katika kundi la zilizolaaniwa, ingawa hoja kuu ya filamu yenyewe ilikuwa imetoka katika katekisimu.

Nchini Uingereza mambo yalifika mahakamani. Mawakili na majaji katika kesi kadhaa za vijana walianza kuitaja filamu kama chanzo cha uhalifu, familia ya Kubrick ikapokea vitisho, na mkurugenzi huyo akaomba iondolewe katika majumba ya sinema ya nchi hiyo. Ilibaki imefungiwa huko mpaka baada ya kifo chake mwaka 1999. Ukumbi wa Scala wa London ulioionyesha kinyemela ulishtakiwa. Madai kwamba filamu humlazimisha kijana kuua yana kinaya chake, kwa kuwa yanaukubali msingi wa Ludovico kwamba mtu ni jumla ya picha alizoonyeshwa. Lakini jibu la haraka la watetezi wa sanaa, kwamba filamu haimgusi mtu hata kidogo, nalo halitoshi. Sanaa humzoesha mtu kuangalia upande fulani na kuusahau mwingine, na upande uliosahauliwa hapa, ule wa waathiriwa, una majina machache sana.

Sura iliyokatwa

Burgess aliigawa riwaya katika sehemu tatu za sura saba, jumla 21, idadi iliyolingana na umri ambao Mwingereza wa wakati huo alihesabiwa kuwa mtu mzima kisheria. Toleo la Marekani la mwaka 1963 liliiacha sura ya 21, likaishia pale Alex anaporejeshewa ukatili wake na kuufurahia. Burgess alidai baadaye kwamba mchapishaji ndiye aliyeshikilia hilo. Kubrick alifanyia kazi toleo hilo, na alipokuja kuisoma sura iliyokatwa aliiona haishawishi. Wamarekani waliipata katika miaka ya 1980. Burgess mwenyewe alifikia hatua ya kuwa tayari kuikana riwaya hii, kama alivyosema mwaka 1985 katika kitabu chake juu ya D. H. Lawrence, na katika tamthilia aliyoitoa mwaka 1987 alimweka jukwaani mtu anayefanana na Kubrick ili atimuliwe.

Katika sura hiyo Alex ana miaka 18 na amechoka. Ana kundi jipya, lakini kupiga watu hakumpi raha. Mfukoni ana picha ya mtoto mchanga aliyoikata gazetini. Anakutana na rafiki wa zamani aliyeoa, na anaanza kutamani mke na mwana. Kwa Burgess hapa ndipo hiari inaposhinda: dola ilitaka mtu mwema kwa majuma mawili, ilhali wema huiva kwa wakati wake. Wahenga walikuwa na kauli kwa kila upande wa mabishano haya, kwani wanaosema samaki mkunje angali mbichi wako karibu na madaktari wa Ludovico, na wanaosema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu wako karibu na sura ya 21.

Tatizo ni kwamba sura hiyo haionyeshi uchaguzi. Alex mwenyewe anaulinganisha ujana na kichezeo cha chuma kinachojazwa ufunguo, kinachokwenda moja kwa moja na kugonga kila kilicho mbele yake bila kujizuia. Ikiwa ujana ni mashine na kukua ni kuishiwa ufunguo, basi kijana huyu hakuchagua uovu mwanzoni wala wema mwishoni. Amepitia misimu miwili tu. Zaidi ya hayo, katika kurasa zote za kukomaa kwake hawataji waliobakwa, kikongwe aliyekufa anamtaja kwa kupita tu, haombi radhi. Anawaza jinsi mwanawe atakavyorudia makosa yaleyale bila kuweza kuzuiwa. Ulimwengu ulimfunza, lakini ada ya mafunzo ililipwa na watu wengine ambao hakuna aliyewauliza.

Rosa na upande wa pili wa pigo

Mwaka uleule wa 1971, filamu ya Kubrick ilipokuwa inakamilishwa, Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alichapisha Rosa Mistika. Haihitajiki dalili yoyote ya uhusiano baina ya kazi hizi ili kuona kwamba zinauliza swali moja. Kezilahabi, aliyezaliwa Ukerewe mwaka 1944 na kusomeshwa seminari kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoka, kama Burgess, katika malezi ya Kikatoliki yaliyosisitiza dhambi na uchaguzi, lakini yeye alimweka katikati ya hadithi mtu anayepigwa. Zakaria, baba mlevi, anamlinda binti yake Rosa asiwasogelee wavulana, na barua moja ya mapenzi inatosha kumletea kipigo kikali. Ulinzi huo unafanya kazi kwa kanuni ya Ludovico: tamaa inaunganishwa na maumivu mpaka msichana anawaogopa wanaume. Anapofika chuo cha ualimu Morogoro, mbali na kiboko, hana alichojifunza kuhusu kuchagua, na uhuru wake unageuka maangamizi yanayoishia katika kujiua. Kezilahabi anaisogeza hadithi mbele zaidi ya kaburi, hadi kwenye hukumu ambako binti na baba wanakabiliana, na suala la nani aliyeitengeneza hatima ya nani linawekwa mbele ya Mungu mwenyewe.

Riwaya hiyo nayo ilizuiwa isisomwe shuleni kwa muda, kwa madai ya kuwaharibu vijana. Ikilinganishwa na A Clockwork Orange, inaonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba kiwanda cha wema wa kulazimishwa hakihitaji maabara wala waziri, kwa kuwa nyumba yenye baba mwenye fimbo inatosha. La pili ni kwamba inawezekana kuandika juu ya hiari kutoka kwa yule ambaye hiari yake imeporwa, bila kumgeuza kuwa mtakatifu wala kumwondolea wajibu wa makosa yake. Rosa anapewa nafasi ya kumjibu baba yake. Mke wa F. Alexander hapewi hata jina, na kifo chake kinaingia hadithini kama sababu ya hasira ya mumewe.

Michael Haneke wa Austria alilishughulikia pengo hilo kwa njia nyingine katika Funny Games ya mwaka 1997, ambamo vijana wawili wapole wa maneno wanaivamia familia iliyo mapumzikoni. Ukatili mwingi unatendeka nje ya fremu, na kamera inabaki na walionusurika kwa muda mrefu wa kuchosha. Mama anapofanikiwa kumpiga risasi mmoja wa wavamizi, mwenzake anachukua rimoti na kuirudisha filamu nyuma ili tendo hilo lifutike. Haneke anaweka wazi kile ambacho kwa Kubrick kilikuwa kimefichwa ndani ya muziki: katika hadithi za namna hii waathiriwa wamenyimwa hiari mara mbili, kwanza na mhalifu, kisha na msimulizi aliyekwisha kuamua kwamba tendo lao halitahesabika.

Hiari ya nani?

Kutoka hapa haifuati kwamba hoja ya kasisi ilikuwa ya uongo. Kinyume chake, inapata msingi imara zaidi inapowekwa pamoja na waathiriwa. Burgess aliliacha shauri lake katika mizani ngumu, ambapo mtu anatakiwa kuchagua baina ya kijana huru anayebaka na kijana mtumwa asiyebaka, na wasomaji wengi, wakiikabili mizani hiyo kwa uaminifu, wangemchagua wa pili kwa siri hata kama midomo yao inautukuza uhuru. Mizani hiyo inavunjika mara tu ukatili unapofahamika kuwa unyang'anyi wa hiari. Hapo Ludovico haionekani tena kama dawa ya ubakaji iliyo na madhara ya pembeni, kwa kuwa inatumia utaratibu uleule: mtu anazuiwa kwa nguvu, mwili wake unavamiwa kwa nia ya mwingine, na macho yake yanalazimishwa kuona asichotaka kuona. F. Alexander alishikiliwa kwa nguvu huku mkewe akibakwa mbele ya macho yake, na Alex alifungwa kwenye kiti ili atazame watu wengine wakibakwa. Riwaya imeyaweka matukio haya mawili mbele ya msomaji, lakini haikumfanya yeyote kati ya wahusika wake ayaunganishe.

Akiyaunganisha mwenyewe, msomaji halazimiki tena kuutetea uhuru wa Alex wa kupiga ili apate haki ya kuipinga dola. Anaweza kuipinga dola kwa sababu ileile inayomfanya ampinge Alex, na kudai kwamba haki itakayotolewa imwache mhalifu na uwezo wa kukiri, kulipa na kubadilika, na imrudishie aliyeumizwa sauti katika kuamua jinsi malipo hayo yatakavyokuwa. Kifungo cha miaka 14 hakikumpa mke wa mwandishi sauti hiyo, wala tiba ya majuma mawili, wala sura ya 21. Kwa kipimo hicho, uzito wa ukosoaji wa jamii katika riwaya au filamu yenye damu nyingi hautapatikana kwa kuhesabu maovu iliyoyafichua wala kwa kusikiliza ufasaha wa mhalifu wake. Utapatikana kwa kuangalia ni wahusika wangapi walioruhusiwa kusema hapana, na kama hadithi yenyewe iliichukulia hapana hiyo kuwa neno lenye uwezo wa kubadili mwendo wake.